Kiwiko Kilichofungwa kwa Haraka

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Mbingu ziliamka na mawingu mazito ya rangi ya maji ya kufulia, na jua lilichungulia mara moja tu, likarudi lilikotoka. Mvua haikunyesha. Ilikuwa moja ya zile siku ambazo nguo ukiianika asubuhi, jioni unaianua bado inanata mkononi.

Mke wa fundi wa magari alikuwa ameamka kabla ya wote. Yeye alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana yake: cherehani dirishani, pasi ya mkaa juu ya stuli, vitambaa kila mahali, hata watoto wakawa wanafanyia kazi za shule jikoni. Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza mapazia ya nyumba ya wageni, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Aliyapiga pasi, akayakunja, akayafunga kwenye shuka. Meneja wa nyumba ile alikuwa hampi nafasi ya kupumua. "Wageni wanaingia leo mchana, mama," alisema kwenye simu, "na madirisha yangu yako uchi."

Wa kuyapeleka alikuwa mdogo wa kiume wa mshonaji, ambaye watu walimwita Mwendo kwa jinsi alivyoendesha. Gari lilikuwa lao wawili, dada na mdogo wake. Baba yao alipofariki waliuza kiwanja, wakanunua teksi, Mwendo akashika usukani, na kilichopatikana ndicho kilichomlisha mama yao na kumlipia chumba. Gari lile likikohoa, ukoo mzima ulishika kifua.

Na siku zile lilikuwa linakohoa. Ukilisimamisha, injini ilipanda na kushuka yenyewe, kisha ikazima. Mume wa dada yake, yule fundi wa magari, alikuwa ameshaona ugonjwa: lile bomba la mpira lililopinda kama kiwiko, linalotoa hewa safi kwenye chujio na kuipeleka kwenye injini, lilikuwa limepasuka. Aliagiza jingine la aina ile ile, akaambiwa litafika mwisho wa wiki. Mwendo hakuwa mtu wa mwisho wa wiki.

*

Gereji ilikuwa uwanja mpana wenye udongo mweusi kwa oili, na mafundi wengi waligawana, kila mmoja na sehemu yake. Mume wa dada yake Mwendo alikuwa na sehemu nzuri, mbele kabisa, chini ya bati. Wenzake walimwita Taratibu. Walitania kwamba ukimwachia gari, umwachie na godoro. Lakini hata waliotania walijua kwamba boneti aliyoifunga Taratibu haifunguliwi tena kwa ugonjwa ule ule, na wateja wake walikuwa watu wa miaka mingi.

Mwendo alifika amekumbatia kitu kimefungwa kwenye gazeti, akakifungua juu ya boneti kama mtu anayemfunua mtoto mchanga. Kilikuwa kiwiko cha aluminiamu, kimeng'arishwa hadi unajiona.

"Shemeji, tazama kitu," alisema. "Madereva wenzangu wamefunga. Wanasema gari linavuta mpaka unaliombea liache."

Taratibu alikigeuza, akachungulia upande mmoja, akachungulia na wa pili. "Kizuri. Cha gari gani?"

"La hili hili. Muuzaji kasema kinaingia chenyewe."

"Muuzaji hatakuwepo kikikataa kuingia."

"Shemeji, usikitie mkosi. Kifunge tu. Mpaka huo mpira wako ufike, abiria wangu watakuwa wameshazaa na wajukuu."

Kikakataa. Kilikuwa kirefu kwa upana wa vidole viwili hivi, kikagota kwenye betri. Halafu hakikuwa na tundu la ule mpira mdogo wa pembeni unaorudisha mvuke wa injini. Taratibu alikibana kwenye jiliwa, akakikata kwa msumeno wa chuma, akakitoboa, akalainisha kingo kwa tupa. Kazi ilimchukua muda, na ilipokwisha ndani ya kiwiko kulikuwa kumejaa chenga za aluminiamu, zinameta kama chumvi, zimenata kwenye grisi aliyopaka muuzaji ili kitu kionekane kipya.

Hapo ndipo mkewe alipofika, amekodi mkokoteni, mafurushi ya mapazia juu yake.

"Bado tu?" aliuliza.

"Kimeshakatwa. Sasa nakiosha kwa sabuni na brashi, nakianika kikauke, ndiyo nakifunga."

"Kikauke kwa jua lipi?"

Taratibu alitazama juu kama vile hakuwa ameona mbingu siku ile. "Hata ikibidi kesho asubuhi. Mama watoto, chujio liko nyuma ya hiki kitu. Mbele yake ni injini, hakuna mlango mwingine. Chenga ikibaki humu, imeshaingia tumboni."

Simu yake mke ikaita. Alikuwa meneja. Aliisikiliza bila kujibu kitu zaidi ya "ndiyo, tunakuja" na "niko njiani", naye hakuwa njiani. Mwendo alikuwa ameshakaa kwenye usukani, kioo kimeteremshwa, anapiga vidole kwenye mlango.

"Si upulize kwa upepo?" mke alisema.

"Umeme umekatika tangu asubuhi. Pampu imelala."

"Basi kifute na kitambaa, upulize kwa mdomo. Kwani ni sahani ya kulia?"

"Mama watoto."

"Nisikilize. Mimi nimekesha na kazi yangu, ipo hapa, imekwisha. Kila siku wewe kitu kinakauka, kitu kinapoa, kitu kinasubiri mwenzake." Sauti ilipanda, na mafundi wa jirani wakaacha kugonga. "Ndiyo maana wanakuita Taratibu."

Hakuwahi kumwita jina hilo. Nyumbani alikuwa baba watoto, au hakuwa na jina, kwa kuwa watu wanaolala chumba kimoja hawaitani sana. Mafundi walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama wanaume wanaocheka mwenzao akigombezwa na mkewe. Fundi Breki, ambaye ufundi wote alifundishwa na Taratibu, alisema, "Shemeji leo kashika spana," wakacheka tena.

Taratibu alisimama na kiwiko mkononi. Kisha akachukua kitambaa, akakisokomeza ndani, akakivuta, akapuliza kwa mdomo upande huu na upande huu. Akakifunga. Akakaza klipu ya kwanza, akakaza na ya pili. Gari liliwaka mara moja, likatulia, likanguruma vizuri, na Mwendo akapiga honi ya furaha hadi nje ya geti.

Mapazia yalifika kabla ya wageni. Meneja alimsifu. Jioni ile mke alipika vizuri, akamwekea mume wake sahani mbele, akamwambia, "Umeona? Na dunia haikuanguka." Mume alikula, akashukuru, akanyamaza. Yeye aliuchukua unyamavu ule kama uchovu.

*

Haukupita mwezi. Gari lilianza kunywa oili kama linaikopa, halafu likaanza kutoa moshi wa bluu nyuma, abiria wakawa wanashuka wamejifunika pua. Siku lilipoanza kugonga ndani, Mwendo alilivuta kwa kamba hadi gereji. Injini ilifunguliwa mbele ya watu. Kuta za silinda zilikuwa zimekwaruzwa kutoka juu hadi chini, kama mtu amepitisha kucha, na kwenye mifereji ya pistoni walikuta punje zinazometa.

Gereji ile ilikuwa na desturi yake. Fundi akiua injini ya mteja, na mteja akilalamika, mafundi wote huweka vyombo chini na kukaa. Mwenyekiti, mzee mmoja mnyosha bodi mwenye sauti ya kukwaruza, huuliza. Kosa likiwa la fundi, injini inatengenezwa kwa gharama yake, naye haruhusiwi kufungua injini nyingine peke yake mpaka kikao kikae tena. Kosa likiwa la mwenye gari, mwenye gari anabeba mzigo wake. Hakuna karatasi. Kila kitu kinasemwa kwa mdomo, watu wakisikia.

Walikaa Jumamosi. Mke hakwenda. Alijiambia kwamba ni mambo ya wanaume na spana zao, akashona mikono ya gauni ambayo ilibidi aifumue yote. Mume alirudi mapema. Alisimama mlangoni akivua viatu kwa muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji.

"Wamesemaje?" mke aliuliza.

"Nimehamishwa. Nafanya kazi kwa Fundi Breki."

"Kwa Fundi Breki? Yule uliyemfundisha hata kushika jeki?"

"Ndiyo huyo. Ni kijana mzuri," alisema, akaenda kunawa mikono.

Mengine mke aliyapata kwa mdogo wake, kesho yake, chumbani kwa mama yao. Mama alikuwa uani na ndoo. Mwendo alikuwa amekaa kitandani, anazungusha ufunguo wa gari lisilokwenda.

"Mwenyekiti alimuuliza swali moja," Mwendo alisema. "Kazi hii uliimaliza kama unavyojua kuimaliza? Shemeji akasema hapana. Akaulizwa kwa nini. Akanyamaza. Akaulizwa tena. Akasema, kiwiko nimekifunga mimi. Basi. Wangemfanyaje?"

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi ni mlalamikaji, dada. Nimeshalalamika."

"Ulikuwa kwenye usukani siku ile."

Ufunguo ulisimama. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Nje mama yao alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, ule wimbo wa kusukuma kazi usio na maneno.

"Sikiliza," Mwendo alisema, amepunguza sauti. "Mimi nakupenda na shemeji nampenda. Lakini ukienda kusema tulimharakisha, injini inageuka kuwa ya kwetu. Mama atakula nini? Chumba chake kitalipiwa na nani? Shemeji ni mwanamume, ana mabega. Watu watasema siku mbili tatu, watachoka, watapata mwingine wa kumsema."

"Lakini si haki."

"Si haki," Mwendo alikubali. "Nimesema ni haki? Nimesema ni nafuu."

Mama aliingia akiwauliza mbona wanaongea kama wezi. Mwendo alicheka, akasema wanapanga kumwozesha upya. Dada yake alicheka pia. Baadaye, akikumbuka siku zile, kicheko hicho ndicho kilichomchoma kuliko vyote, kwa kuwa alikitoa kwa urahisi.

*

Mtu anaweza kukaa na kosa lake kama anavyokaa na jino bovu, anatafunia upande wa pili. Mke wa fundi alijaribu. Alipika, alishona, aliwaogesha watoto. Alianza kumwandalia mume wake maji ya kuoga kabla hajaomba, na mume alisema asante kila mara, kwa adabu, kama mgeni aliyepangishwa chumba.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa mikono. Zamani mume wake alirudi na mikono myeusi hadi kwenye kiwiko, wakigombana kuhusu sabuni na taulo. Sasa alirudi mikono karibu safi. Kwa Fundi Breki alikuwa akipewa kushikilia taa, kukanyaga pedeli akiambiwa kanyaga, kuachia akiambiwa achia. Alifika nyumbani akanawa hata hivyo, polepole, kidole kimoja kimoja, mpaka maji yaliyomwagika yakawa hayana rangi.

Jioni moja mteja wake wa siku nyingi alibisha hodi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa heshima, gari lake kuukuu lilikuwa halijawahi kuguswa na mkono mwingine. Alikaribishwa kiti, akakaa pembeni mwa kiti.

"Fundi, nimepita tu," alisema. "Ule ufunguo wangu wa akiba, ulikuwa nao wewe."

"Ninao, mwalimu."

"Si kitu. Ni hawa watoto wangu. Unajua watoto wa siku hizi, wamesikia maneno. Nikasema acha niuchukue kwanza, halafu hali ikitulia."

"Hakuna neno, mwalimu." Taratibu alikwenda chumbani, akarudi na ufunguo umefungwa kwenye kipande cha kitambaa safi, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Pedi za breki za nyuma zilikuwa zimebaki kidogo. Umwambie huyo atakayelishika."

"Nitamwambia," mwalimu alisema, na hakuweza kumtazama usoni.

Alipotoka, mke alibaki amesimama na kikombe cha chai ambacho mgeni hakukigusa. Alitaka kusema. Maneno yalifika hadi kwenye meno.

"Baba watoto," alianza.

"Chai itapoa," mume alisema. "Kunywa wewe."

Kabla ya kulala mke alipiga magoti upande wake wa kitanda kama kawaida yake. Alikuwa mtu wa maombi tangu usichana, na siku zote alimweleza Mungu mambo yake kwa mpangilio, watoto kwanza, kisha mama, kisha kazi. Siku hizi alikuwa na ombi moja: Mungu, wewe unayeona, fanya ukweli ujulikane, mume wangu arudishiwe jina lake. Aliomba hivyo kwa machozi ya kweli. Usiku ule, katikati ya maneno hayo hayo aliyoyazoea, alinyamaza ghafla. Aliona anachokiomba. Alikuwa anamtuma Mungu kwenda gereji kusema neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa na mdomo wa kulisema.

Hakumaliza sala. Alisema amina katikati, akalala macho wazi, mume wake amempa mgongo, naye hajui kama amelala.

*

Asubuhi alikwenda kwa mama yake kwanza, kwa sababu mkate uliokuwa hatarini ulikuwa wa mama. Alimweleza yote bila kujipamba: chenga, mawingu, simu ya meneja, jina alilomwita mumewe, kicheko cha wanaume. Alimweleza pia kwamba akisema, gari litakaa, na Mungu ndiye anayejua litakaa mpaka lini.

Mama yake alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Na mdogo wako anajua?"

"Anajua, mama. Alisikia."

"Kwa hiyo wanangu wawili mmekaa kitandani kwangu mkapanga kumbebesha mtu mzigo, mkanitaja mimi."

"Tulifikiria utakula nini."

"Mimi nilikula kabla gari halijanunuliwa." Alitupa punje mbovu, akachukua nyingine. "Umemwomba msamaha?"

"Naomba kila siku, mama. Napiga magoti naomba."

"Nimekuuliza yeye, sijakuuliza Mungu." Sasa aliinua uso, na haukuwa uso wa hasira. Ulikuwa umechoka tu. "Ulimvunjia heshima mbele za watu, unataka kuirudisha chumbani. Haiwezekani, mwanangu. Nenda. Na chakula cha kwangu usikitaje huko, nitaona haya."

*

Kufika kwake gereji hakukusimamisha shughuli. Hakuna aliyeacha kugonga. Aliona kwamba chini ya bati, pale alipozoea kumkuta mume wake, palikuwa na mtu mgeni anayechomelea redieta. Mume wake alikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, juani, ameshika tochi ndani ya tairi la mtu huku Fundi Breki akifungua nati. Teksi ilikuwa pembeni, boneti juu, imekaa juu ya mawe. Mwendo alikuwa ndani yake, amelaza kiti, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda kufanya kazi ya kukosa kazi.

Alimkuta Mwenyekiti akinyosha mlango.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, shemeji yangu. Umemletea chakula?"

"Nimekuja kuomba kikao."

Mzee alishusha nyundo. "Kikao kilishakaa."

"Hakikumsikia kila mtu."

Alimtazama kidogo. Kisha akagonga nyundo kwenye ule mlango, pigo la bati tupu, na vyombo vikaanza kuwekwa chini kimoja baada ya kingine. Walikuja wakijifuta mikono. Wengine walikaa juu ya matairi, wengine walisimama. Taratibu alikuja wa mwisho, tochi bado inawaka mkononi mchana kweupe.

"Mama watoto, nenda nyumbani," alisema kwa sauti ya chini.

"Nitakwenda, baba watoto. Nikimaliza."

Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakampotea. Akabaki na yale mafupi.

"Siku ile ya kiwiko mlikuwepo wengi hapa," alisema. "Mume wangu alisema anakiosha kwanza, kikauke, hata ikibidi kesho. Mimi nikakataa. Nilikuwa na mapazia yangu. Nikamwambia apulize kwa mdomo. Akataka kukataa, nikamwita jina mbele yenu ili aone haya, na akaona haya, nanyi mkacheka. Mimi nashona. Mteja akinikalia kichwani nikiwa sijapiga pindo, namwambia chukua kitambaa chako uondoke. Lakini yeye sikumpa nafasi hiyo. Nimenyamaza wakati anahamishwa, kwa sababu gari ni letu na gharama ingekuwa yetu. Ni hilo tu."

Mtu alikohoa. Fundi Breki alikuwa akitazama chini, akichora kitu kwenye udongo kwa ncha ya kiatu.

"Kuna mwingine aliyesikia?" Mwenyekiti aliuliza.

Wengi walikuwa wamesikia kicheko tu. Mke aligeuka kuelekea teksi.

"Mdogo wangu."

Mwendo alishuka. Alikuja polepole kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hakuna aliyelifanyia jambo hilo utani.

"Dada," alisema.

"Ulikuwa kwenye usukani. Kioo kilikuwa chini."

Alijikuna shingo. Alimtazama shemeji yake, akakuta shemeji yake anazima tochi. "Nilisikia," alisema. "Alisema ikibaki chenga itaingia tumboni. Kwa maneno hayo hayo. Nilisikia, mzee."

Mwenyekiti alishusha pumzi, akamgeukia Taratibu. "Tulikuuliza mara mbili. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, mzee? Kwamba mikono ni yangu lakini nilikuwa naitumia kwa niaba ya mke wangu?" Hakuwa na ukali. "Ningeweza kukiweka chini kile kiwiko nikaondoka. Sikukiweka. Nilitaka waache kucheka."

Walishauriana, mzee na wakubwa wengine wawili, wakiwa wamewapa mgongo. Haikuwa kazi ndefu. Taratibu aliruhusiwa kufungua injini peke yake kuanzia saa ile. Injini ya teksi ingetengenezwa kwa gharama ya wenye gari. Lakini mahali pale chini ya bati palikuwa pameshapewa mtu wa redieta, ameshalipa, amejenga na meza yake, na hana kosa. Taratibu angebaki nyuma, ukutani, juani.

"Tungejua Jumamosi ile," Mwenyekiti alisema, akimtazama mke, "pangekuwa bado pake."

"Najua, mzee."

"Na wateja walioondoka, sisi hatuwezi kwenda kuwashika mikono."

"Najua."

Alijua kweli, na kujua huko kulikaa kifuani mwake kama kitu alichokimeza bila maji. Alikuwa amedhani kwamba akisema, kitu kitarudi. Kilichorudi kilikuwa kidogo, na kilikuwa cha nyuma, karibu na ukuta. Alimtafuta mume wake kwa macho. Alikuwa ameshafika kwenye teksi, ameinama juu ya injini, anapitisha kidole kwenye ukuta wa silinda iliyokwaruzwa. Kidole kilikwenda chini, kikarudi juu. Watu wote walisubiri, kwa kuwa lilibaki swali moja ambalo kikao hakikuwa na haki ya kuliamua.

"Shemeji," Mwendo alisema, "tunaweza kumpa fundi mwingine. Hakuna atakayekulaumu."

Taratibu alifuta kidole. "Nitaitengeneza mimi."

"Mungu akubariki, shemeji. Sasa, unadhani itachukua..." Mwendo akasita mwenyewe, akaufunga mdomo.

"Nitaishusha yote," Taratibu alisema. Alikuwa akiongea na injini zaidi kuliko na watu. "Kuna vitu vimeharibika ndani kuliko vinavyoonekana. Vingine vitanyooka. Vingine sijui. Sitamtajia mtu siku."

Mwenyekiti alimgeukia mke wake. "Umesikia, shemeji? Wewe ni mwenye gari pia. Useme hapa, sote tusikie."

Alisogea mbele hatua chache mpaka akawa upande wa pili wa boneti, uso kwa uso na mume wake, injini iliyo wazi katikati yao. Mume aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama hivyo tangu mawingu ya siku ile, na machoni mwake hakukuwa na hasira wala msamaha. Kulikuwa na mtu anayesubiri kusikia.

"Sitakuuliza lini," alisema, kwa sauti ambayo hata mtu wa redieta aliisikia kutoka chini ya bati. "Mbele ya hawa wote, baba watoto. Hata mwaka ukiisha, sitakuuliza."